Kabla ya kuuza kibanja: Mambo ambayo mzazi wa Izigo anapaswa kujua kuhusu SAUT

Julai ni mwezi wa mambo mawili Izigo. Kahawa inaanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba, na matokeo ya kidato cha sita yanatoka. Mambo hayo hukutana jioni, baada ya ndizi na maharage, mtoto anapomsogezea baba yake simu.

"Tata, nimepata daraja la pili. Nataka kuomba SAUT."

"Kile cha Mwanza? Cha maaskofu?"

"Ndiyo Tata, cha Malimbe. Nataka kusoma mawasiliano ya umma."

"Kwa nini usisome sheria, mwanangu?"

Baba anakaa kimya, kisha anauliza swali ambalo kila mzazi hulifikia: ada ni kiasi gani? Kabla hajajibiwa, macho yake yameshakwenda dirishani, kwenye kile kipande cha kibanja kilicho upande wa barabara. Jirani amekuwa akikiulizia tangu mwaka jana.

Mazungumzo ya namna hii yanafanyika kila mwaka katika nyumba nyingi za Muleba na Bukoba, na chuo kinachotajwa mara nyingi ni hicho hicho: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, SAUT. Ni chuo binafsi chenye heshima Kanda ya Ziwa na hakiko mbali na nyumbani. Lakini heshima ya chuo ni jambo moja, na uamuzi wa familia ni jambo lingine. Kabla ya baba kumwita jirani, yapo maswali matatu ya kujibu: je, kozi ina ithibati? Nani atalipa mwaka wa pili na wa tatu? Na je, kozi hiyo inampeleka mtoto wapi?

Chuo chenyewe

Kwanza, chuo chenyewe. SAUT iko Malimbe, eneo la Nyegezi, kiasi cha kilomita 10 kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza, karibu na Ziwa Victoria. Wazee wengi bado wanaiita "Nyegezi", na wana sababu. Mwaka 1960 Kanisa Katoliki, chini ya Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, lilianzisha pale kituo cha mafunzo ya kijamii. Kwa miaka mingi kituo hicho kilitoa watu wa ustawi wa jamii, wahasibu na waandishi wa habari, na kilijulikana nchi nzima kabla ya kufikiriwa kuwa chuo kikuu.

Mwaka 1998 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilikigeuza kuwa chuo kikuu. Kaulimbiu yake ni Kujenga Mji wa Mungu, maneno yanayokumbusha kitabu mashuhuri cha Mtakatifu Augustino. Pamoja na kuwa cha Kanisa, chuo hudahili wanafunzi wa dini na madhehebu yote, kwa hiyo mzazi Mlutheri, Mwislamu au Mwanglikana hana sababu ya kukiogopa.

Leo kinafundisha elimu, sheria, biashara na uhasibu, sayansi ya jamii, uhandisi na mawasiliano ya umma. Eneo hilo la mwisho ndilo lililokijengea jina zaidi, na chuo kina redio yake, SAUT FM, ambako wanafunzi hujifunza kazi wakiwa bado darasani.

Vilevile SAUT imelea vyuo vingine. Chuo cha afya cha Bugando kilianza mwaka 2003 chini yake, na leo ni chuo kikuu kinachojitegemea. Mwenge cha Moshi na Ruaha cha Iringa vilipita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtoto anayetaka udaktari na yupo tayari kwenda Mwanza, mlango wake ni Bugando, si Malimbe. Ni jambo dogo, lakini wapo wazazi wanaochanganya vyuo hivi kwa sababu vyote viko jiji moja na vyote ni vya Kanisa.

Nani anaweza kuingia?

Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini kinachowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa kozi nyingi ni ufaulu wa masomo mawili ya ngazi kuu yenye jumla ya pointi 4.0. Hesabu yake ni rahisi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili amefika mlangoni. Lakini kufika mlangoni si kuingia ndani, kwa sababu baadhi ya kozi huweka masharti zaidi, na kozi inayoombwa na wengi huchukua wenye alama za juu kwanza.

Aliyepitia stashahada naye ana njia yake, mradi awe na wastani unaotakiwa na TCU pamoja na ufaulu wa kidato cha nne. Mtoto aliyekwama kidato cha sita hajafungiwa maisha. Njia ya stashahada ni ndefu kidogo, ila nayo inafika.

Tangu mwaka 2017, mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni kupitia mtandao. Hakuna wakala anayetakiwa katikati. Mtu yeyote anayepiga simu na kusema "nitumie kitu kidogo nikushikie nafasi" ni tapeli, hata akitaja jina la padri au mhadhiri. Malipo yote huingia kwenye akaunti rasmi ya chuo na risiti hutolewa.

Jambo lingine linalowaponza wengi ni kuthibitisha. Mwombaji akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, hutumiwa namba ya siri kwenye simu na anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Ndiyo maana namba ya simu inayojazwa kwenye maombi iwe ya mtoto mwenyewe au ya mzazi anayepatikana, si ya rafiki wa stendi.

Swali la kwanza: kozi ina ithibati?

Wazazi wengi huishia kuuliza kama chuo ni kizuri. Swali linalofaa zaidi ni kama kozi anayotaka mtoto imeidhinishwa na TCU kwa mwaka huu. Chuo kinaweza kuwa na jina zuri na bado kozi mojawapo ikazuiwa kudahili kwa sababu ya upungufu wa wahadhiri au vifaa.

Hili si jambo la kufikirika. Julai 2017, TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya wa mwaka wa masomo 2017/18, na katika vyuo vingine 22 ikazuia kozi 75.

Kagera inalijua somo hili kwa karibu. Bukoba iliwahi kuwa na vyuo vikuu vishiriki viwili vilivyobeba majina ya watoto wakubwa wa mkoa huu. Kimoja kiliitwa Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984. Kingine kiliitwa Kardinali Rugambwa na kilikuwa chini ya SAUT. Laurean Rugambwa alifanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kufikia cheo hicho katika nyakati za sasa, naye aliwahi kuwa askofu wa Rutabo, hapa hapa Muleba. Leo vyuo vyote viwili havidahili tena. Jina, hata likiwa la kardinali, halitoshi kukiweka chuo wazi.

Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, na kinapatikana bure kwenye tovuti yake. Humo kila chuo kimeorodheshwa pamoja na kozi zake, sifa zinazotakiwa na idadi ya nafasi. Dakika 10 za kusoma mwongozo huo na mtoto zinaweza kuokoa mavuno ya miaka mitatu.

Swali la pili: nani atalipa mwaka wa pili?

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Mwaka wa kwanza hulipika. Ukoo unachanga, mjomba wa Dar es Salaam anatuma chochote, jumuiya inapitisha kapu. Mwaka wa pili furaha imepoa, kapu halipiti tena, na mtoto yuko Malimbe anaombwa ushahidi wa malipo kabla ya kuingia kwenye mtihani.

Kwa hiyo hesabu ifanywe ya kozi nzima. Shahada nyingi ni miaka 3. Uhandisi ni miaka 4. Kila mwaka kuna ada, ambayo hutofautiana kwa kozi na imeandikwa kwenye maelekezo ya kujiunga. Lakini ada si gharama yote. Kuna usajili, bima ya afya, mchango wa serikali ya wanafunzi, chumba, chakula, nauli, vitabu, na siku hizi kompyuta mpakato na bando la intaneti. Kuna pia mafunzo kwa vitendo, ambapo mwanafunzi anaweza kupangiwa kazi mji ambao hana ndugu.

Chukua namba za mfano tu. Kama gharama zote kwa mwaka ni Sh3 milioni, miaka mitatu ni Sh9 milioni. Kipande cha kibanja kikiuzwa Sh4 milioni, fedha hizo zinaisha kabla mwaka wa pili haujafika katikati. Baba atakuwa hana kibanja, mtoto hana cheti, na jirani tayari ameshapanda migomba yake.

Mkopo wa Serikali

Kusoma chuo binafsi hakumnyimi mtoto mkopo. Bodi ya Mikopo, HESLB, hupokea maombi ya Mtanzania asiyezidi miaka 35 aliyedahiliwa katika chuo na kozi inayotambuliwa, awe wa chuo cha umma au binafsi. Maombi hufanywa kwa mtandao katika kipindi kinachokaribiana na kile cha udahili, kwa hiyo hakuna kusubiri kuchaguliwa kwanza ndipo kuanza kutafuta nyaraka.

Nyaraka ndizo zinazowaangusha watoto wa vijijini. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa kuwa na cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Familia nyingi hazikuchukua cheti cha kifo wakati wa msiba, na zinakuja kukitafuta Agosti mambo yakiwa yameshabana. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tano afanye kazi hiyo sasa.

Mkopo hutolewa kwa vipengele, kama chakula na malazi, vitabu, ada na mafunzo kwa vitendo. Fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita "boom", zilipandishwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Kwa siku 60 hiyo ni Sh600,000. Ni msaada mkubwa, lakini mzazi asijidanganye: si kila mwombaji hupata, na anayepata anaweza kupewa ada kwa asilimia fulani tu. Pengo linabaki kwa familia. Kwa wale waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi, upo pia ufadhili wa Samia.

Mkopo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi uishe. Mtoto aambiwe hilo kabla ya kusaini, si baada ya kuajiriwa.

Kibanja ni cha nani?

Kwa Wahaya, kibanja ni zaidi ya mali. Ndimo ilimo migomba inayolisha nyumba, mibuni inayoleta fedha, na makaburi ya wazee. Lakini zaidi ya mila, iko sheria. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo. Mama ana kauli yake mezani, na si ya heshima tu.

Hata binti anayesomeshwa ana sehemu yake. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi iliyotoka Kagera, iliamua kuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Uamuzi huo ulivunja kanuni ya mila iliyokuwa ikimzuia. Maana yake kwa familia ya leo ni kwamba kibanja kinachotaka kuuzwa kwa ajili ya binti ni sehemu ya urithi wa binti huyo huyo. Aulizwe.

Ipo njia nyingine ya kutazama ardhi hiyo. Ada hulipwa kwa awamu, na kibanja nacho huzaa kwa awamu. Fedha ya kahawa hupatikana kati ya Julai na Oktoba, wakati ambao chuo kinajiandaa kufungua. Shida huja muhula wa pili, mwaka mpya ukiwa umeanza na fedha ya kahawa imekwisha. Familia inayojipanga huigawa fedha ya kahawa mara mbili siku ile ile inapopokelewa: nusu ya muhula wa kwanza, nusu inafungiwa benki au kwenye chama cha akiba na mikopo. Maharage na ndizi zinaziba chakula na nauli. Senene wa Novemba nao wana bei, kwa anayejua kuwakamata.

Kuuza si dhambi. Wapo waliouza na watoto wao wakawanunulia wazazi mara mbili ya kile kilichouzwa. Lakini kuuza kuwe hatua ya mwisho, baada ya jibu la mkopo kutoka, na baada ya hesabu kuonyesha kuwa fedha hiyo inafika mwisho wa kozi.

Swali la tatu: kozi inampeleka wapi?

Baba wa Izigo anataka sheria kwa sababu wakili ana heshima. Ni sawa, lakini ajue kuwa shahada ya sheria haimfanyi mtu wakili. Baada ya chuo kikuu kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo jijini Dar es Salaam, na ada yake, na mitihani ambayo wengi hurudia. Hesabu ya miaka inaongezeka.

Ualimu nao umebadilika. Zamani mhitimu alisubiri kupangiwa kituo. Sasa anaomba kwenye mfumo wa ajira wa Serikali na kufanya usaili pamoja na maelfu ya wenzake. Mhandisi anapaswa kusajiliwa na bodi yake. Mwanahabari hupimwa kwa kazi aliyofanya zaidi ya cheti, na ndiyo maana redio ya chuo, blogu ya mwanafunzi na mafunzo kwa vitendo vina uzito kuliko mzazi anavyodhani.

Kwa hiyo mtoto akisema "mawasiliano ya umma", mzazi asikimbilie kukataa. Aulize: unajua nani anayefanya kazi hiyo? Utafanya mafunzo kwa vitendo wapi? Usipoajiriwa mwaka wa kwanza utafanya nini? Mtoto mwenye majibu, hata yasiyokamilika, ameshafikiri. Mtoto anayejibu "wenzangu wote wanaenda" anahitaji jioni nyingine ya mazungumzo.

Malimbe si Izigo

Kutoka Izigo kuna njia mbili. Ya kwanza ni meli ya MV Victoria inayopita bandari ya Kemondo na kusafiri usiku hadi Mwanza. Ya pili ni basi la Biharamulo na Geita, ambalo tangu Juni 2025 halisubiri tena kivuko, kwa sababu Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 limefunguliwa. Basi huingilia upande ule ule wa Nyegezi kilipo chuo.

Chuo kina mabweni, lakini wanafunzi wengi hupanga vyumba Malimbe, Nyamalango na Nyegezi. Mzazi anayeweza aende naye siku ya kwanza. Aone chumba, mlango unavyofungwa, choo kilivyo na njia ya kurudia usiku. Amjue mwenye nyumba kwa sura na kwa namba ya simu. Safari hiyo moja ina faida kuliko simu 100 za "umekula?"

Wakubaliane pia kuhusu fedha. Boom huchelewa, na kijana wa miaka 20 mwenye Sh600,000 mkononi kwa mara ya kwanza anaweza kuimaliza ndani ya wiki mbili. Na wakubaliane kuwa akifeli somo atasema mapema. Watoto wengi "wanaodisko" walianza kuteleza muhula wa kwanza na wakaogopa kuwaambia wazazi waliouza mali kwa ajili yao. Deni la namna hiyo humlemea mtoto kuliko hata deni la Bodi.

Jioni ya pili

Turudi Izigo, mezani. Safari hii mama yupo, na daftari lipo. Binti ameandika safu tatu: mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ameandika ada, chumba, chakula, nauli. Kando ameandika kahawa, mjomba, mkopo, akaweka alama ya kuuliza kwenye mkopo.

"Na mkopo usipotoka?" anauliza mama.

"Naahirisha mwaka, Mama. Nabaki hapa, nafanya kazi, naomba tena mwakani. Msiuze."

Baba anaangalia daftari, kisha dirishani. Kipande cha chini kiko pale pale, na mibuni yake bado ina matunda ambayo hayajachumwa.

"Kesho tutamalizia kuchuma upande ule," anasema. "Huo ndio muhula wa kwanza."